Vita vya Ziwa Tanganyika na Mabega ya Watu wa Katanga

Tukisikia habari za vita vya manowari, mawazo yetu huenda mbali sana. Twafikiri bahari kuu, mawimbi marefu kama vilima, na visiwa vya ng'ambo ambako mataifa makubwa yalipigana. Nani angedhani kwamba manowari mbili za Mfalme wa Uingereza zilipita hapa mjini kwetu Lubumbashi, zikiwa zimelazwa juu ya magari ya reli? Mji wetu hauna bahari, wala mto wetu hautoshi kuchukua meli. Hata hivyo zilipita, mwishoni mwa mwezi wa Julai 1915, wakati mji ulipokuwa ukiitwa bado Elisabethville.

Mapigano yenyewe yalifanyika kwenye Ziwa Tanganyika, na wengi wameyasimulia. Lakini wasimulizi karibu wote hutazama maji na mizinga tu. Sisi twataka leo kutazama pia nchi kavu, yaani njia ya kutoka kwetu mpaka ziwani. Maana tukipima mambo kwa haki, tutaona kwamba vita vile vilishindwa porini Katanga kabla mashua hazijagusa maji ya ziwa.

ZIWA LILIKUWA MLANGO

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa 670 hivi, na kilindi chake chapita mita 1,400. Mwaka 1914 ng'ambo ya mashariki ilikuwa ya Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi. Upande wa magharibi ulikuwa wa Wabelgiji, na ncha ya kusini ilikuwa ya Waingereza. Hapakuwa na barabara ya maana kandokando ya ziwa. Milima huteremka mpaka majini. Kwa hiyo mwenye meli ndiye aliyekuwa bwana wa pwani zote. Aliweza kupakia askari jioni, na kuwateremsha alfajiri mahali ambapo adui hakuwatazamia. Asiye na meli alibaki ufukoni akitazama maji, bila kujua hatari itatokea wapi.

Watu wa ziwa hawakuona mpaka katikati ya maji. Wavuvi na wachuuzi wa Ujiji walivuka na kurudi. Wengine walioa ng'ambo. Dini nayo ilikuwa imepita njia hiyohiyo. Mapadre Weupe walikuwa na misioni Karema upande wa mashariki, na Mpala upande wa magharibi, zote mbili tangu mwaka 1885. Baadaye wakajenga na Kirungu, iliyoitwa Baudouinville. Shirika lilikuwa moja, na Wakristo walikuwa ndugu. Vita vilipotokea Ulaya mwezi wa Agosti 1914, ndugu hao walijikuta wameitwa adui, wala wao wenyewe hawakuulizwa neno.

Wabelgiji walitumaini kwanza kwamba Kongo itaachwa nje ya vita, kwa sababu ya mapatano ya Berlin ya mwaka 1885. Tumaini hilo halikukaa sana. Tarehe 22 Agosti 1914 meli ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann, ilifika karibu na mlango wa mto Lukuga, mahali panapoitwa leo Kalemie, ikaipiga meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, hata isiweze kusafiri. Mwezi wa Novemba Wajerumani walikwenda kusini wakaharibu na meli za Waingereza. Basi ziwa lote likawa mikononi mwao.

MELI ILIYOKUJA KATIKA MASANDUKU

Wajerumani walikuwa na bahati moja kubwa. Reli yao ya kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914, miezi michache tu kabla ya vita. Kwa reli hiyo waliweza kuleta cho chote. Kwanza walikuwa na Hedwig von Wissmann, na nyingine ndogo zaidi, Kingani. Kisha walileta jitu lenyewe: Graf von Götzen, meli yenye urefu wa mita 70 hivi. Iliundwa Papenburg katika Ujerumani, ikafunguliwa kipande kipande, ikatiwa katika masanduku yapata 5,000, ikavuka bahari, ikapanda reli, na kuungwa upya Kigoma. Iliteremshwa majini tarehe 5 Februari 1915. Iliweza kuchukua mamia ya askari kwa safari moja. Baadaye ilipewa mzinga mkubwa uliotolewa katika manowari Königsberg, ambayo Waingereza waliiharibu katika mto Rufiji mwezi wa Julai 1915.

Wabelgiji nao walikuwa na meli kubwa katika vipande, jina lake Baron Dhanis. Lakini hawakuthubutu kuiunga ufukoni, maana adui angekuja kuivunja kabla haijaelea. Ndivyo ilivyo kwa mtu anayetaka kujenga nyumba huku mwizi amekaa mlangoni.

MIMI NA TOUTOU

Mwezi wa Aprili 1915 mwindaji mmoja Mwingereza, John Lee, ambaye alizijua nchi zetu, alikwenda London na shauri lake. Alisema: pelekeni mashua ndogo zenye mwendo mkali, zipite Afrika ya Kusini kwa reli, kisha zivutwe porini Katanga mpaka ziwani. Wakubwa wa manowari walikubali. Wakatoa mashua mbili za urefu wa mita 12 hivi, zenye injini za petroli na mzinga mdogo mmoja mmoja. Mkubwa wa safari aliwekwa Geoffrey Spicer-Simson, afisa ambaye hakuwa amepanda cheo upesi, tena mtu wa majivuno na vituko. Watu wa ziwani walimshangaa baadaye kwa sababu ya chale zilizojaa mwilini mwake, na kwa sababu alipenda kuvaa sketi mbele ya askari wake.

Alitaka kuziita mashua zake Paka na Mbwa kwa Kiingereza, wakubwa wakakataa. Basi akaziita Mimi na Toutou, maneno ya watoto wa Kifaransa yenye maana ileile. Msomaji wa Kiswahili atacheka, maana kwetu mimi ni mimi, wala si paka!

Waingereza hao, watu 28 hivi, waliondoka kwao tarehe 15 Juni 1915, wakafika Cape Town tarehe 2 Julai. Kutoka huko gari la moshi liliwachukua kwa safari ya kilometa zaidi ya 3,000, kupita Bulawayo na Rhodesia, mpaka Elisabethville, tarehe 26 Julai. Reli ilikuwa imefika mjini kwetu mwaka 1910, kwa ajili ya shaba. Mashua zikaendelea mbele mpaka Fungurume, na hapo mwanzoni mwa Agosti reli ikaisha. Mbele yao palikuwa na pori na milima ya Mitumba.

SIKU 41 PORINI

Hapa ndipo twawaomba wasomaji watulie kidogo, maana habari hii hupitwa haraka na wengi.

Kutoka Fungurume mpaka Sankisia ni kilometa 235 hivi. Leo mtu mwenye gari hawezi kufikiri taabu yake ya zamani hizo. Hapakuwa na barabara. Palikuwa na vijia vya miguu tu. Watu wa vijiji walitakiwa kukata miti, kung'oa visiki, kujaza mashimo, na kutandaza magogo juu ya vijito na makorongo. Madaraja yaliyojengwa yalipita mia. Nao hawakujenga kwa kupenda vita vya Wazungu. Walijenga kwa sababu Bula Matari aliagiza, na chifu alipaswa kutoa watu.

Msafara uliondoka tarehe 18 Agosti. Mashua zilipakiwa juu ya magari yenye magurudumu, na kuvutwa na mashine mbili kubwa za mvuke, pamoja na makundi ya ng'ombe. Nyuma walifuata wapagazi kwa mamia, wenye petroli, risasi, chakula na mahema vichwani. Mashine zilikuwa nzito mno. Mara daraja lilivunjika chini yake, mara ukingo wa njia ulibomoka, na gurudumu likazama. Kila mara watu walishika kamba na kuvuta. Mlimani, mahali pa zaidi ya mita 1,800, mashine hazikuweza kupanda peke yake. Kamba zilizungushwa kwenye miti mikubwa, na ng'ombe na watu wakavuta pamoja, hatua kwa hatua. Na kuteremka upande wa pili kulikuwa hatari kuliko kupanda, maana mashua ikiponyoka ingewaponda walio mbele.

Tena ilikuwa mwisho wa kiangazi. Vijito vilikauka, na mashine za mvuke hazina nguvu bila maji. Basi wanawake wa vijiji waliitwa. Walichota maji mbali, wakayaleta katika mitungi vichwani, ili mashine zinywe. Tufikiri jambo hili, wasomaji wetu. Mama mmoja wa Katanga, mwenye kiu yake na watoto wake nyumbani, amtwalia maji mnyama wa chuma, ili mnyama huyo avute mashua, ili mashua iende kupiga vita vilivyoanzishwa Ulaya. Jina lake halikuandikwa po pote. Lakini pasipo mtungi wake, mashua zingebaki Mitumba mpaka leo, na kuota kutu.

Tarehe 28 Septemba walifika Sankisia: siku 41. Hapo palikuwa na reli fupi ya kwenda Bukama, kwenye mto Lualaba. Lakini maji ya mto yalikuwa machache kwa ajili ya kiangazi. Mashua zilifungiwa mapipa matupu ili zielee juu zaidi, na mara nyingi watu waliingia majini kuzisukuma kutoka kwenye mchanga. Baadaye zilipakiwa na kuvutwa na meli za mto, zikapita matete ya Kisale, zikafika Kabalo karibu na tarehe 22 Oktoba. Kutoka Kabalo reli mpya, iliyokwisha mwaka uleule wa 1915, ilizifikisha karibu na ziwa. Siku chache baadaye Waingereza waliona maji ya Tanganyika.

Hata hapo kazi haikwisha. Ufuko wa Kalemie ulikuwa wazi kwa dhoruba; ilibidi kwanza kujenga bandari ndogo kwa mawe. Mawe hayo nayo yalichukuliwa na mikono ya watu wa huko. Mashua ziliteremshwa majini tarehe 22 na 23 Desemba 1915. Tangu Cape Town ilikuwa imepita miezi sita, upungufu siku chache.

DAKIKA KUMI NA MOJA

Wajerumani walisikia uvumi kwamba kuna jambo Kalemie. Mwanzoni mwa Desemba afisa wao Rosenthal, mkubwa wa Kingani, alikuja usiku kupeleleza, akakamatwa. Basi Kingani ikapewa afisa mwingine, jina lake Junge.

Siku ya 26 Desemba ilikuwa Jumapili, sikukuu ya Mtakatifu Stefano. Asubuhi Spicer-Simson alikuwa akiwaongoza watu wake katika sala, wakati Kingani ilipoonekana ikija polepole. Hakukatisha sala. Ilipokwisha, aliamuru watu waingie mashuani. Aliiacha Kingani ipite kwanza, kisha Mimi na Toutou zikatoka nyuma yake.

Sababu ya shauri hilo ni hii: mzinga wa Kingani ulikuwa mbele, wala haukuweza kupiga nyuma. Nahodha akitaka kupiga, ilimbidi aigeuze meli nzima. Nazo mashua zilikuwa na mwendo wa karibu mara mbili ya ule wake. Risasi ya mzinga ilimwua Junge, na wengine wakafa pamoja naye. Waliosalia walitweka kitambaa cheupe. Mapigano yote yalidumu dakika 11. Waliokufa walizikwa kwa heshima. Kingani ilitengenezwa, ikapewa mzinga mkubwa zaidi, na jina jipya: Fifi.

Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann, chini ya nahodha Odebrecht, ilikuja kutafuta habari za Kingani. Hawakujua bado yaliyoipata. Fifi na Mimi zilitoka kuifukuza, na mashua za Wabelgiji pamoja nazo. Fifi ilikuwa nzito, na kila ilipopiga mzinga ilirudishwa nyuma kidogo, hata adui akazidi kuponyoka. Lakini Mimi yenye mbio ilikimbilia mbele, ikamsumbua Odebrecht kwa mzinga wake mdogo mpaka akalazimika kugeuka geuka. Ndipo Fifi ilipokaribia. Ilikuwa imebakiwa na risasi chache sana, lakini mojawapo ikapiga barabara. Hedwig von Wissmann ikawaka moto na kuzama. Waliosalia waliokolewa majini wakafanywa wafungwa.

Siku iliyofuata Graf von Götzen yenyewe ilionekana ikipita polepole, ikiitafuta mwenzake. Watu wote walingojea amri. Spicer-Simson hakuitoa. Aliitazama meli kubwa ikienda zake, naye alisemwa sana kwa ajili hiyo. Pengine alikuwa na haki, maana mzinga wa Götzen ungeweza kuzivunja mashua zake kutoka mbali kabla hazijafika.

MWISHO WA JITU

Götzen haikushindwa na mashua. Mwezi wa Juni 1916 ndege za Wabelgiji, zilizopewa na Waingereza, ziliruka kutoka ufuko wa Kongo zikatupa mabomu Kigoma. Wakati huo mzinga mkubwa ulikuwa umekwisha kuondolewa na kupelekwa penye mapigano ya nchi kavu. Mahali pake pakawekwa gogo la kudanganya macho. Askari wa Force Publique, chini ya Jenerali Tombeur, walikuwa wakishuka kutoka kaskazini, na reli ya Wajerumani ilikuwa karibu kukatwa. Basi tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha Götzen kwa mikono yao wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi. Mafundi walewale walioiunga walizipaka injini zake mafuta mazito kwanza, ili maji yasizile. Siku mbili baadaye Kigoma ilitwaliwa, na tarehe 19 Septemba Tabora.

Mafuta hayo hayakuwa kazi ya bure. Meli iliinuliwa mwaka 1924, na injini zikaonekana nzima. Mwaka 1927 ilianza safari tena kwa jina la Liemba. Miaka mingi ilichukua abiria, samaki, mahindi na mizigo ya wachuuzi. Mwaka 1997 ilirudisha kwao Wakongo zaidi ya 75,000 waliokuwa wamekimbilia Tanzania kwa sababu ya vita. Mwaka 2015 iliwachukua wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga mpaka Kigoma. Meli iliyoundwa zamani za Kaisari na kutumiwa kupelekea askari vitani ikawa ya kuwaokoa mama na watoto. Nabii Isaya alitabiri panga zitakazofuliwa kuwa majembe. Yamkini hata meli zaweza kupata neema hiyo.

WALIOSAHAULIWA KATIKA HESABU

Spicer-Simson alipewa nishani kwao na kwa Wabelgiji. Mwaka 1935 mwandishi Mwingereza, C. S. Forester, alitunga hadithi kutokana na mambo haya, The African Queen, na mwaka 1951 ikafanywa sinema. Sehemu yake ilipigwa hapa Kongo, kwenye mto Ruiki. Ulimwengu ulifurahia hadithi ya watu wawili Wazungu na mashua yao. Wavuta kamba wa Mitumba hawamo.

Wala hatutaki kuwanyima sifa waliopigana. Walikuwa mashujaa, na waliokufa pande zote wana haki ya kuombewa. Lakini hesabu iwe hesabu. Mapigano ya kwanza yalidumu dakika 11. Njia ya Fungurume ilidumu siku 41. Waingereza walikuwa 28. Waliofyeka, waliojenga, waliovuta na waliochota maji walikuwa mamia na mamia. Na hao ni sehemu ndogo tu. Katika vita vyote vya Wabelgiji upande wa mashariki, mpaka kutwaliwa Tabora, watu karibu 260,000 walifanywa wapagazi. Wengi walikufa kwa njaa, baridi ya milimani, kuhara na uchovu, mbali na nyumbani. Hawakuwa na bunduki. Hawakupewa nishani.

Katika miaka hiyohiyo ziwa lilitoa habari nyingine, isiyo na mlio wa mzinga. Tarehe 21 Julai 1917 Askofu Roelens alimpa upadre Stefano Kaoze huko Baudouinville, padre wa kwanza Mkongo wa nyakati zetu hizi. Jina lake limeandikwa na kukumbukwa, nasi twamshukuru Mungu. Lakini karibu na misioni ile walipita pia wapagazi ambao Mungu peke yake azijua hesabu na majina yao.

Jamaa nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zilitoka katika vijiji vya njia ile. Huenda babu wa babu yako alishika kamba ya Mimi, au bibi yake alitua mtungi mbele ya mashine ya mvuke. Basi waulizeni wazee mngali nao. Habari ikipatikana, iandikeni hata kama ni mistari mitatu, mweke na jina. Na mwezi wa Novemba, tunapowaombea marehemu wetu, tuwaweke na hao katika sala, hata wale ambao majina yao hayakuandikwa.